Ng'ombe wa Udh-hiya ana nyama kilo ngapi, na itafika salama?

Inapokaribia Idd el-Hajj watu huulizana sana juu ya bei ya ng'ombe na mbuzi. Lakini liko swali jingine ambalo huja baada ya kuchinja, tena aghalabu husemwa kwa sauti ya chini: "Mbona nyama yenyewe ndiyo hii tu?" Watu saba wamechanga, wamenunua ng'ombe wanayemwona mkubwa, wamemshuhudia akisimama zizini na nundu yake, kisha kila mmoja anarudi nyumbani na ndoo moja ya nyama iliyochanganyika na mifupa. Hapo shetani hupata mlango. Aliyetumwa mnadani husemwa kala fedha, na mchinjaji husemwa kaficha paja. Udugu wa miaka huharibika kwa ibada iliyokusudiwa kuujenga.

Mara nyingi hakuna aliyeiba. Kilichokosekana ni hesabu. Na hesabu hiyo ina faida ya pili ambayo ndiyo inayoihusu safu hii ya afya: anayejua kilo zitakazopatikana ndiye anayeweza kuandaa vyombo, watu wa kugawa, usafiri na friza mapema. Asiyejua hushtukizwa na nyama ya moto kilo mia na ushei saa nne asubuhi, na jua la Dar es Salaam au Mombasa halimsubiri mtu.

Uzito unapokwenda

Tumchukue ng'ombe wa kienyeji aina ya zebu, huyu mwenye nundu ambaye ndiye wengi wetu tunayemnunua. Dume aliyekomaa, mwenye afya ya kawaida, tuseme ana kilo 250 akiwa hai. Akichinjwa, damu itakayomwagika ni kilo 8 hadi 10. Mwilini ana damu karibu mara mbili ya hiyo, lakini si yote hutoka. Inayobakia hukaa zaidi ndani ya viungo kama maini, mapafu na bandama, na hiyo si ile damu ya kumwagika iliyoharamishwa. Ngozi ni kilo 18 hadi 20. Kichwa na miguu minne kwa pamoja hukaribia kilo 20.

Sehemu inayowashangaza wengi ni tumbo. Ng'ombe ni mnyama wa kucheua, na hilo tumbo lake kubwa ni kama pipa la kuchachishia majani. Majani, maji na kinyesi vilivyomo vinaweza kufika kilo 35 au 40, na zaidi ya hapo kama alilishwa na kunyweshwa sana kabla ya kuuzwa. Hiyo ni kusema kwamba katika kilo 250 ulizoziona zimesimama, karibu kilo 40 ni majani na maji. Mfanyabiashara mwenye hila analijua hilo. Humpa ng'ombe chumvi jioni, kisha asubuhi humwachia maji anywe mpaka ubavu utune, na mnunuzi akimwangalia huona "shibe".

Ukiondoa vyote hivyo pamoja na matumbo, maini, moyo, mapafu, bandama na figo, kinachobaki kutundikwa ni nyama na mifupa yake. Wataalamu wa mifugo hukiita "mzoga", lakini kwa Muislamu neno hilo lina maana nyingine kabisa, ni nyamafu, kwa hiyo hapa tutasema nyama ya kutundika. Kwa zebu wetu nyama ya kutundika huwa asilimia 45 hadi 52 ya uzito wake akiwa hai. Tukishika asilimia 48, yule wa kilo 250 atatoa kilo 120.

Hizo kilo 120 bado zina mifupa. Mifupa huchukua kama kilo moja katika kila tano, yaani kilo 23 au 24. Ukitoa tena kano, mafuta ya kutupa, sehemu zilizochafuka na maji yanayokauka nyama ikining'inia, nyama tupu isiyo na mfupa itakuwa kama kilo 85. Basi kanuni nyepesi ya kukumbuka ni hii: nyama na mifupa ni nusu kasoro ya ng'ombe uliyemwona, na nyama tupu ni theluthi moja tu.

Jambo hili haliko kwetu peke yetu. Huko magharibi mwa Marekani, katika milima ya Rocky, kuna mnyama wa porini aitwaye elk, anafanana na kulungu lakini ni mkubwa sana, na dume lake lina pembe za matawi. Dume lililokomaa hufika kilo 300 na zaidi. Mwindaji akilipata hudhani ameshajaza friza la mwaka, lakini akimaliza kuondoa matumbo, ngozi, kichwa, pembe na mifupa, hubaki na nyama tupu ya kilo 90 hadi 110 hivi, na hapo bado hajakata na kutupa ile sehemu iliyoharibiwa na risasi. Ni theluthi ileile. Allah Ameumba wanyama wanaocheua kwa mizani inayokaribiana, na anayetegemea zaidi ya hapo atalaumu watu bure.

Ama mbuzi wetu wa kienyeji, mwenye kilo 25 hadi 30 hutoa nyama ya kutundika kilo 11 hadi 13, na mifupa ndani yake ni mingi zaidi kwa kadiri ya umbo lake. Ng'ombe wa Boran anayefugwa Kenya ni mkubwa. Dume la kilo 400 lililonenepa huweza kutoa kilo 200 na zaidi za nyama na mifupa. Ngamia wa kilo 450, kama wanaochinjwa na ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera, hukaribia kilo 230.

Asilimia hizi hupanda na kushuka kwa majira. Mwaka wa Hijria unatangulia ule wa kizungu kwa siku 10 au 11, kwa hiyo Idi huzunguka. Mwaka 2013 na 2014 iliangukia Oktoba, mwisho wa kiangazi, ng'ombe wa Bara wakiwa mbavu nje. Dume wa kilo 200 aliyekonda hutoa asilimia 43 au 44 tu, sawa na kilo 87. Kuanzia 2023 hadi 2025 Idi ilikuwa Juni, baada ya masika, malisho yakiwa yamestawi, na ng'ombe huwa na mwili mzuri zaidi. Tena usisahau safari. Ng'ombe anayeshushwa kwenye mnada wa Pugu huenda ametoka Shinyanga au Singida akiwa amesimama juu ya lori, na njiani amepoteza uzito.

Kumpima bila mizani

Minada mingi huuza kwa macho. Lakini mwenye tepu ya fundi cherehani anaweza kujisaidia. Pitisha tepu nyuma ya miguu ya mbele na nyuma ya nundu, uzungushe kifua chote, usikaze sana wala usilegeze, andika sentimita. Kisha pima urefu kutoka kwenye ncha ya bega hadi kwenye mfupa wa tako. Zidisha mzunguko wa kifua kwa wenyewe, kisha zidisha kwa urefu, ugawanye kwa 10,840. Jibu ni kilo. Kwa mfano kifua ni sentimita 145 na urefu ni 120: 145 mara 145 ni 21,025, mara 120 ni 2,523,000, gawanya kwa 10,840 upate kama kilo 233. Si mizani ya dhahabu, inaweza kukosea kwa kilo kumi na tano au ishirini kwa ng'ombe wa nundu, lakini ni bora kuliko kubahatisha, na ni bora zaidi kuliko kumtuhumu ndugu yako.

Pima asubuhi kabla hajanyweshwa, na awepo mtu wa kumshika. Nimeona mtu akirushwa kwa kutaka kumpima dume asiyezoea kuguswa.

Hesabu ya watu saba

Ng'ombe na ngamia huchangiwa na watu saba, kama walivyofanya Maswahaba Hudaybiya. Kilo 120 kwa saba ni kilo 17 kila fungu, nyama na mifupa. Ongeza sehemu ya maini, moyo, matumbo na kichwa kwa makubaliano yenu. Fungu hilo ni zaidi ya nyama ya mbuzi mzima wa kienyeji, kwa hiyo aliyeshiriki ng'ombe asijione amepunjika. Anayegawa mafungu matatu, la nyumbani, la jamaa na majirani, na la masikini, kila moja litakuwa kilo 5 na nusu au zaidi kidogo. Kwa vifurushi vya nusu kilo, fungu la masikini la mshiriki mmoja hufikia nyumba kumi na moja. Washiriki saba wakiungana, nyumba 77. Msikiti ulioandikisha nyumba 200 kwa kutegemea ng'ombe mmoja umeshajitayarishia ugomvi mlangoni.

Mchinjaji na mchunaji walipwe ujira wao kwa fedha. Imekatazwa kumlipa mchinjaji kwa nyama au ngozi ya mnyama wa Udh-hiya; ukipenda kumpa, mpe kama zawadi au sadaka baada ya kumlipa. Hili lina hekima ya kihesabu pia. Ujira ukijulikana ni fedha, kila kilo inayotoka getini ina maelezo yake. Na iwepo mizani mahali pa kukatia, hata ile ya kutundika ya wauza samaki. Nyama ipimwe yote kabla ya kugawanywa, mbele ya washiriki wawili au watatu, iandikwe.

Kabla ya kisu

Sheria imetaja aibu nne zinazomfanya mnyama asifae kwa Udh-hiya: chongo lililo wazi, ugonjwa ulio wazi, uchechemeaji ulio wazi, na kukonda mpaka mifupa imekosa uboho. Ukimuuliza daktari wa mifugo naye atakwambia umtazame mnyama macho, mwendo, hali ya mwili na dalili za ugonjwa. Aliyekonda kiasi hicho anaweza kuwa na minyoo bapa ya ini au kifua kikuu cha ng'ombe. Anayechechemea anaweza kuwa na jipu au homa ya kwato na midomo.

Mtazame mnyama jioni kabla ya siku yake. Mzima huinua kichwa, hucheua, pua yake ina unyevu, manyoya yamelala. Anayejitenga, anayehema haraka, anayetoa makamasi au udenda mzito, anayeharisha, mwache. Uliza pia kama amechomwa sindano karibuni. Wapo wauzaji ambao mnyama akiugua humchoma dawa ili afike sokoni akiwa amesimama, na dawa nyingine za kuua vijidudu zinazokaa muda mrefu mwilini zinahitaji hadi siku 28 kabla nyama yake haijafaa kuliwa.

Kuna maradhi mawili ambayo hayaruhusu mzaha. La kwanza ni kimeta. Mnyama hufa ghafla, pengine jana alikuwa mzima, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au nyuma. Asichinjwe akiwa katika kukata roho ati "tumuwahi", asipasuliwe, asichunwe. Mbegu za kimeta zikimwagika ardhini hukaa miaka na miaka. Aitwe afisa mifugo.

La pili ni homa ya Bonde la Ufa. Mwishoni mwa 2006 baada ya mvua kubwa na mafuriko, ugonjwa huu ulithibitika Garissa mwezi Desemba, siku chache tu kabla ya Idd el-Hajj, kisha mwaka 2007 ukaenea Tanzania, Dodoma ikiwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika sana. Tanzania peke yake watu zaidi ya 100 walifariki. Mbu huupeleka kwa mifugo, lakini binadamu wengi huupata kwa kugusa damu, maji ya uzazi na viungo vya mnyama mgonjwa, yaani wachinjaji, wachunaji na akina mama wanaosafisha nyama mbichi. Dalili yake kubwa zizini ni mimba za kondoo, mbuzi na ng'ombe kuharibika kwa wingi na ndama na wanakondoo kufa. Mkiona hivyo katika eneo lenu baada ya mvua nyingi, msichinje mpaka wataalamu waseme. Nyama iliyopikwa ikaiva haileti ugonjwa huo. Hatari iko kwenye damu na mikono yenye michubuko.

Siku ya kuchinja mnyama apumzike, apewe maji, lakini majani yasimamishwe kuanzia jioni ya jana yake. Tumbo lenye majani machache hupasuka kwa nadra wakati wa kuchuna. Tena asifukuzwe, asipigwe, asiangushwe mbele ya wenzake waliochinjwa. Imeamrishwa tuwafanyie wema katika kuchinja, na wema huo unaonekana hadi kwenye sufuria. Mnyama aliyetulia ana sukari katika misuli yake, ambayo baada ya kuchinjwa hugeuka kuwa tindikali na kuilinda nyama. Aliyehangaishwa ameimaliza sukari hiyo, na nyama yake huwa nyeusi, ngumu, yenye kunata, na huoza upesi zaidi. Mara nyingi mwenye bucha akikwambia "huyu alihangaika", si hadithi.

Baada ya kuchinja

Msubiri mnyama atulie kabisa kabla ya kuanza kuchuna wala kuvunja shingo. Kukimbilia kuvunja uti wa mgongo ni kumtesa, na pia huzuia damu kutoka vizuri, na damu iliyobaki ni chakula cha vijidudu.

Kosa kubwa linalofanyika mitaani ni kuchuna ardhini, juu ya mchanga au nyasi, kwa kisu kilekile kilichokata ngozi yenye kinyesi. Juu ya ngozi na ndani ya utumbo ndimo vinamokaa vijidudu vinavyoleta kuharisha damu, homa ya matumbo ya chakula na kadhalika. Ndani ya msuli wa mnyama mzima aliyechinjwa vizuri karibu hamna kitu. Uchafu wote tunauleta sisi kwa mikono, visu na utumbo uliopasuka. Kwa hiyo mnyama atundikwe kama pana mti imara au boriti. Kama hapana, awekwe juu ya ngozi yake mwenyewe au turubai lililooshwa, na majani mapya ya mgomba. Ndoo mbili za maji ziwe karibu, moja ya sabuni kwa mikono na visu, moja ya kusuuzia. Kisu cha ngozi kisiguse nyama. Umio ufungwe kwa kamba, na utumbo wa nyuma ufungwe vivyo hivyo kabla ya kutoa matumbo. Ikitokea tumbo limepasuka, usimwagie maji nyama yote ukadhani unaisafisha. Maji huusambaza uchafu. Kata sehemu iliyochafuka uitupe. Ni nusu kilo inayopotea badala ya mtaa mzima kuharisha.

Kisha vitazamwe viungo, na mkaguzi wa nyama ndiye mwenye kazi hiyo. Kama machinjio yapo karibu, peleka huko, usione taabu. Palipo mbali, mwiteni afisa mifugo wa kata mapema, maana siku ile ana wito ishirini. Hata hivyo ni vizuri kila mshiriki ajue anachokitafuta. Maini yenye mirija migumu na minyoo bapa kama jani dogo: sehemu hiyo hutupwa, na yakiwa yameharibika sana hutupwa yote. Malengelenge yenye maji kwenye maini au mapafu ni vifuko vya minyoo michanga ya mbwa. Yafukiwe, kamwe asirushiwe mbwa, kwa sababu ndiyo duara linavyokamilika na kurudi kwa watoto wanaocheza na mbwa huyo. Turkana ni sehemu inayojulikana sana kwa ugonjwa huo kwa binadamu. Vidonge vyeupe mfano wa punje katika moyo, ulimi na misuli ya taya ni tegu. Wasiopika nyama ikaiva ndio huwabeba. Matezi yaliyovimba na yenye usaha mkavu kama jibini katika mapafu yanaashiria kifua kikuu. Hapo msiamue wenyewe, asubiriwe mkaguzi.

Joto ndilo adui

Nyama ikitoka kwa mnyama ina joto la nyuzi 38 au 39. Kijidudu kimoja katika joto la namna hiyo huweza kugawanyika kila dakika 20. Sasa angalia tunavyofanya: tunakata vipande, tunavishindilia kwenye ndoo au gunia, tunafunika, kisha gari linazunguka mitaa mitatu kugawa. Katikati ya ndoo ile nyama haipoi hata kidogo. Ikifika kwa masikini alasiri ina harufu, naye kwa haya atapokea na kushukuru. Ndiyo maana nasema mpango wa kugawa ni sehemu ya afya. Nyama ya masikini itoke kwanza, si baada ya friza zetu kujaa.

Vipande viwekwe kwenye sinia au beseni pana, vitandazwe kivulini panapopita upepo, vifunikwe kwa chandarua au kitambaa chepesi dhidi ya nzi. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Tanzania, na Kenya kabla ya hapo mwaka 2017, wengi wamerudi kwenye vikapu na vyombo vya nyumbani, na kwa nyama ya moto ni afadhali hivyo, kwa sababu mfuko wa nailoni hufungia joto na jasho. Waambieni wapokeaji waje na vyombo vyao. Kati ya kuchinja na kufika jikoni au kwenye baridi zisizidi saa nne au tano, na siku ya jua kali pungufu ya hapo.

Matumbo, maini, figo na bandama huharibika mapema kuliko nyama, kwa hiyo ndivyo vya kuliwa siku hiyohiyo. Wenye ugonjwa wa jongo wavipunguze sana, maana huongeza ile tindikali inayovimbisha vidole vya miguu.

Friza na hesabu yake

Hapa akina mama wengi hudanganyika. Friza ya lita 100 inaweza kubeba nyama karibu kilo 50 iliyokwisha kuganda. Lakini uwezo wake wa kugandisha nyama mpya kwa siku moja ni kilo 3 hadi 5 tu. Ukiitia kilo 17 za fungu lako kwa mkupuo, zikiwa bado na uvuguvugu, zile za kati zinaweza kukaa zaidi ya siku nzima katika joto la kuoza, na utapotoa kifurushi cha katikati wiki ya pili utakuta kimegeuka rangi ya kijani pembeni mwa mfupa. Watu husema "umeme ulikatika". Pengine haukukatika.

Basi ipoe kwanza. Funga vifurushi vyembamba, vya kilo moja au nusu, vilivyobanwa bapa kama kitabu, vyenye kutosha mlo mmoja. Siku ya kwanza weka kilo 4 zikigusa kuta za friza, zilizobaki gawa, pika, au omba nafasi kwa jirani. Nyama iliyowekwa mapema mno, kabla misuli haijakaza na kulegea tena, huwa ngumu inapopikwa; kwa mbuzi subiri saa chache, kwa ng'ombe zaidi ya hapo, ikiwa pana ubaridi wa kuisubirisha. Kama hapana, chagua ugumu kuliko uozo. Umeme ukikatika usifungue mlango: friza iliyojaa hudumu na baridi yake kama siku mbili, iliyojaa nusu kama siku moja.

Nyumba isiyo na friza nayo haikosi njia. Nyama ikatwe nyembamba kama kidole, itiwe chumvi, ianikwe juani chini ya chandarua. Kilo moja mbichi itabaki gramu 300 hivi. Ndugu zetu wa kaskazini mwa Kenya hutengeneza nyirinyiri, vipande vidogo vilivyokaushwa vikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake, na hudumu kwa miezi. Kuhifadhi nyama ya Udh-hiya zaidi ya siku tatu kuliwahi kukatazwa katika mwaka ambao watu wenye njaa walifika Madina, kisha ruhusa ikatolewa. Kwa hiyo hakuna ubaya kuweka. Lakini iangalie kwanza hali ya mtaa wako mwaka huo.

Katika kupika, nyama ikipoteza maji yake hupungua: kilo moja ya nyama tupu huwa gramu 650 hadi 700 ikiwa imeiva. Fungu la nyumbani la kilo 5 na nusu ukitoa mifupa ni kilo 4, ikiiva ni kilo 2.7, na kwa familia ya watu sita ni gramu 450 kila mtu. Wataalamu wa kinga ya saratani hushauri nyama nyekundu iliyopikwa isizidi gramu 350 hadi 500 kwa mtu kwa wiki nzima. Tazama jinsi theluthi ya nyumbani, ikiliwa kwa wiki moja, inavyoingia humohumo. Anayekula fungu lote saba kwa siku mbili ndiye anayeonekana zahanati siku ya tatu, ameshika tumbo au presha imepanda.

Iive mpaka katikati, nyuzi 70, pasiwe na wekundu wala maji ya damu; mishikaki minene inayounguzwa nje huku ndani mbichi ndiyo njia ya tegu. Na pilau la sufuria kubwa lisilale mezani usiku kucha likiwa limefunikwa. Baada ya saa mbili lipakuliwe kwenye vyombo vifupi lipoe, liingie baridini, na kesho lipashwe moto hadi litoe mvuke.

Mabaki ya machinjo, yaani damu, majani ya tumboni na viungo vilivyokataliwa, yafukiwe siku hiyohiyo katika shimo la kina cha kiuno, mbali na kisima, na juu yake ufukie udongo wa kutosha mbwa asiweze kufukua. Shimo lichimbwe siku moja kabla, kwa sababu siku ya Idi hutampata wa kulichimba.